Miezi Niliyoogopa Pumzi Yangu

Mimi ni muuguzi, na wauguzi ni wagonjwa wabaya. Dawa tunazowalazimisha wengine kumeza, sisi wenyewe tunazikunjia uso. Nasema haya mapema ili wewe unayesoma ukiwa umekaa kwenye benchi la kliniki ya kifua kikuu, karatasi ya majibu mkononi, usidhani unaongea na malaika. Nimekaa kwenye benchi kama hilo. Nililia pale, nikanuna pale, na siku moja nikagombana na mama mmoja kuhusu nani alifika wa kwanza. Sasa nimemaliza dozi yangu ya miezi sita, nimerudi wodini, na mlima wa kwenda sokoni naupanda bila kusimama njiani. Nikifika juu huwa nageuka kuutazama, maana bado siamini.

Naitwa Leokadia. Ninaishi Kasulu, mkoani Kigoma, upande wa barabara ya kwenda Makere, pamoja na mume wangu Eliakimu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na binti yetu Ketura. Hospitali ninayofanyia kazi sitaitaja. Kosa nitakalolisimulia nililifanya mimi kwa mkono wangu, na kwa kweli ni kosa ambalo huku kwetu karibu kila mtu angelifanya.

Nilirudi kazini kutoka likizo ya uzazi mwezi wa saba, kipupwe kimekaza. Mtu wa mbali akisikia Kigoma anafikiria joto la ziwani. Huku juu, mwezi wa saba asubuhi, watu wanakwenda shamba wamejifunga blanketi na ukiongea unaiona pumzi yako. Baridi kwetu ndiyo inayobeba lawama zote. Mtoto akikohoa, ni upepo. Mzee akibanwa kifua, kuna mtu aliacha mlango wazi. Mimi nimesoma chuo miaka mitatu. Nimefundishwa kwamba chumba cha wagonjwa wa kifua kinatakiwa kuwa na madirisha wazi, nikaulizwa hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Lakini nimelelewa na mama aliyeziba nyufa za dirisha kwa matambara kila kipupwe, na kila ninapoona mgonjwa anatetemeka, mkono wangu unamkumbuka mama kabla ya mwalimu.

Wiki yangu ya pili kazini akaletwa Mzee Bukuru. Alikuwa mrina asali kutoka Mabamba, kule karibu na mpaka, na mwanawe anayeishi Kasulu ndiye aliyemleta, amemkumbatia kwenye pikipiki. Sote tulisema ni nimonia. Alikuwa anahema kwa mabega na shingo, midomo imekuwa ya bluu, na mpira wa oksijeni puani haukumtosha. Tukamweka kwenye mashine ya kusaidia kupumua. Sitaeleza mashine hiyo inavyofanya kazi. Inatosha kusema kwamba mgonjwa anavishwa kifuniko usoni, kinafungwa kwa mikanda, na hewa inasukumwa kwa nguvu ndani ya kifua kilichochoka kuivuta.

Shida ilikuwa mashavu yake. Mzee Bukuru hakuwa na meno ya pembeni na alikuwa amekonda sana, kwa hiyo mashavu yalibonyea na kifuniko hakikukaa sawasawa. Hewa ilivuja pembeni. Kila nilipoinama kumkazia mikanda au kumwekea shashi chini ya kifuniko, ilinipuliza shingoni na usoni, hewa ya moto kidogo iliyotoka kifuani kwake. Nilivaa barakoa, ile nyepesi ya kila siku. Zile nzito zinazobana zilikuwa kabatini kwa ajili ya wagonjwa wanaojulikana kuwa na kifua kikuu, na huyu hakuna aliyekuwa amesema anacho. Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mfukoni.

Mkewe, Mama Konsolata, alikaa pembeni ya kitanda siku nzima. Alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Asubuhi ya pili alinishika kiganja.

"Sista, imbeho iramwica," aliniambia kwa Kirundi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisije nikajifanya sikuelewa. "Hii baridi itamuua mbele ya ugonjwa. Nakuomba unifungie hilo dirisha."

Nilimtazama mzee anatetemeka chini ya blanketi mbili. Nikafunga dirisha. Lilikuwa na ufa upande mmoja, Mama Konsolata akavua kitenge chake cha juu azuie upepo nacho, nami nikamsaidia kukikunja na kukishindilia. Nilijisikia vizuri. Nilijiona muuguzi mwenye huruma, siyo kama wale wanaofuata kitabu tu.

Siku sita nilifanya kazi katika chumba kile kilichofungwa. Mashine ilisukuma, kifuniko kilivuja, na sisi sote mle ndani tulikuwa tunavuta kile alichokitoa. Nakiri kwamba siku hizo zilikuwa nzuri kwangu. Nilipenda kusimama na kukitazama kile kifua chembamba kikipanda na kushuka. Nilikuwa nimejifungua miezi minne kabla, nilikuwa bado na ile hali ya mama mpya ya kushangaa kila kinachopumua. Nilijiambia kwamba hakuna kazi nyingine duniani ambayo mtu analipwa kusimama na kutazama uhai ukiingia na kutoka.

Siku ya sita majibu ya makohozi yakarudi. Kifua kikuu. Muuguzi kiongozi aliingia, akachomoa kitenge, akafungua madirisha yote mawili mpaka yakagonga ukuta. Mzee Bukuru alianzishiwa dawa, na baada ya wiki mbili alikuwa anakaa mwenyewe kitandani na kulalamikia uji. Sisi wahudumu tulipimwa, tukaonekana wazima, tukaambiwa tukianza kukohoa tusinyamaze. Nilikwenda nyumbani nikamnyonyesha Ketura, nikasahau.

Mvua zilianza, maharage yakapandwa, yakaota, na mimi nikaanza kupungua. Nililaumu kunyonyesha. Sare yangu ilinipwaya kiunoni nikaipeleka kwa fundi aipunguze, nikamwambia kwa kujivuna kwamba nimerudisha umbo la usichana. Usiku nilitoa jasho mpaka shuka inalowa, nikalaumu blanketi. Kikohozi kilipokuja, nikailaumu mvua. Muuguzi anayejidanganya anajidanganya kitaalamu. Mwenzangu wa wodini, Yasinta, ambaye tumesoma pamoja na anajua aibu zangu zote, alinivumilia hadi mwanzo wa mwezi wa kwanza. Ndipo alinifuata chumba cha kubadilishia nguo akanipa kikopo cha makohozi.

"Kohoa humu, Leo. Usinipe hotuba."

Majibu yalitoka kesho yake. Daktari wa kliniki alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandaa aniulize nimekohoa muda gani, na nilikuwa nimekwisha kutunga uongo mdogo wa kumwambia. Hakuniuliza hilo.

"Una mtoto mdogo nyumbani?"

"Wa miezi kumi."

"Unamnyonyesha?"

Hapo ndipo nilipougua kweli. Yote ya kabla, jasho na kikohozi na kukonda, yalikuwa mambo ya mwili. Kwa muda wa wiki nyingi nilikuwa nimemlaza Ketura kifuani kwangu, pua yake chini ya pua yangu, nikimwimbia. Kila wimbo niliomwimbia niliutoa kwa pumzi. Mtoto mdogo hivyo ugonjwa huu haumchezei, unaweza kwenda kichwani, na mimi nimewaona wodini. Kuanzia siku ile sikuwa na swali jingine duniani ila moja, kama nimempa.

Ukiniuliza leo ni nini kigumu katika ugonjwa huu, sitasema vidonge. Vidonge vinamezeka. Kigumu ni kwamba hakuna anayekujibu upesi kuhusu mtoto. Mtoto hawezi kukohoa kwenye kikopo. Walipima choo chake, hakikuonyesha kitu, lakini daktari alisema kwa watoto kutokuonyesha hakumaanishi hakuna. Tulimpeleka hospitali ya Kabanga kupiga picha ya kifua. Nilimshika mikono juu akilia, na daktari alipoiweka picha ile kwenye mwanga nilisahau kuogopa kwa muda. Sijawahi kuona kitu kidogo namna ile kilichopangwa vizuri namna ile. Mbavu zake zilikuwa nyembamba kuliko njiti, na katikati moyo umekaa kama maharage kwenye ganda. Kisha daktari akaweka kidole kwenye kivuli upande wa kulia.

"Inaweza kuwa nimonia tu. Tumpe dawa ya kawaida wiki moja, turudie picha."

Uzito wake ulikuwa haujapanda miezi miwili. Hilo nalo aliliandika.

Siku ya majibu yangu nilikuwa nimeruhusiwa kuendelea kunyonyesha, maziwa hayaambukizi, ila nivae barakoa kila ninapokuwa karibu naye mpaka makohozi yangu yatakapokuwa safi. Nisilale naye. Madirisha yawe wazi. Nilimeza vidonge vyangu vinne vikubwa mbele ya Yasinta, nikaenda nyumbani kumwambia mume wangu.

Eliakimu alikuwa anasahihisha madaftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili yenye akili, akasema pole. Jioni nilikuta kikombe kipya cha bluu mezani, na vile vyetu vya zamani vimepandishwa kabatini juu. Hakusema ni cha nani. Mimi, ambaye nimefundisha mamia ya watu kwamba ugonjwa huu haukai kwenye vikombe, nilikichukua nikanywea. Nilichukia. Nilichukia zaidi kwa sababu nilimwelewa.

Mama yake alikuja kutoka Makere kumlea Ketura. Mama mkwe wangu ni mwanamke mfupi, mkulima hodari, mwenye neno kwa kila jambo. Alimchukua mtoto kwenye chumba chake, akawa anamlisha, anambeba, ananiletea nimnyonyeshe nikiwa nimejifunga uso, kisha anamwondoa. Kwa hilo sina namna ya kumshukuru. Lakini kuhusu dirisha hatukuelewana. Chumba chetu kilikuwa na kidirisha kimoja cha bati, kidogo. Nikikifungua, yeye anakifunga. Nikifungua cha kwake, anakifunga na kuegemeza mfuko wa mahindi.

"Mama, hewa ikizunguka ugonjwa unatoka nje."

"Ugonjwa unatoka, baridi inaingia. Mtoto ana kifua kibaya na wewe unataka alale uwanjani? Nimelea saba, mwana wanje, mwanangu. Sijazika hata mmoja kwa sababu ya dirisha kufungwa."

Mimi ndiye niliyefunga dirisha la Mzee Bukuru, tena nina cheti.

Jumamosi ya wiki ile Eliakimu aliazima mtaimbo na patasi kwa fundi jirani. Sikujua anachotaka kufanya mpaka niliposikia ukuta wa chumbani unagongwa. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, tuliyajenga wenyewe kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na yeye ni mtu anayefuta alama ya kidole ukutani. Alitoboa. Vumbi jekundu lilimjaa nywele na kope. Mchana ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa na tundu la kupita mbuzi, na mwanga ukaanguka juu ya kitanda changu kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Nilikaa pale nikiona vumbi linavyosogea kuelekea nje, punje kwa punje, pole pole. Basi ndivyo hewa inavyotembea, nikawaza. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo vitabuni na sikuwahi kuliona. Eliakimu alichukua kikombe cha bluu kilichokuwa kando yangu, kina maji nusu, akayanywa yote akakirudisha. Hatujawahi kulizungumza.

Mama mkwe alikuja, akalitazama lile tundu, akamtazama mwanawe aliyemzaa. Jumatatu tulipoondoka akaliziba kwa gunia.

Sasa niseme habari ya benchi. Kliniki yetu watu wanakaa nje kwenye ubao mrefu chini ya paa la mabati, na mvua ikinyesha husikii jina lako likiitwa. Ukiwa na barakoa watu wanasogea. Hawakusemi, wanasogea tu kidogo kidogo mpaka unajikuta una benchi lako peke yako. Nilikuwa hapo nimepakata mkoba wangu, nikisubiri siku ya picha ya pili ya Ketura ambayo ilikuwa kesho yake, nikihesabu kila kosa langu.

"Mwakeye, sista."

Nikageuka kwa ile salamu ya asubuhi. Mzee mwenye kofia na mashavu yaliyojaa ananitazama akicheka. Sikumjua.

"Hunijui. Ulinijua nimevaa kile kidude cha usoni."

Alikuwa Mzee Bukuru. Alikuwa amekuja kuchukua dawa zake za mwisho, maana alikuwa bado anakaa kwa mwanawe. Nilimtazama yale mashavu. Nilishindwa kuacha kuyatazama. Yale mashimo niliyoyaziba kwa shashi yalikuwa yamejaa nyama, ametembea kwa miguu yake kutoka mjini, anahema kimya kimya kama mtu yeyote. Nilikuwa nimekuja na uchungu moyoni, na nikajikuta nafurahi.

Akaiona kadi yangu. Ilikuwa rangi moja na yake.

"Na wewe?"

"Na mimi, mzee."

"Umeipata wapi?"

"Kazini."

Nilimwona anahesabu. Akavua kofia.

"Kwenye kile chumba."

"Hakuna anayejua, mzee. Wagonjwa ni wengi." Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote, na yeye hakuwa mtoto. Alisogea kwenye benchi akaja kukaa karibu yangu kabisa, bega kwa bega, watu wote wakitutazama. Kisha akaanza kunifundisha. Ukimeza usilale, tembea kidogo. Kichefuchefu kitakwisha wiki ya pili. Mkojo utakuwa mwekundu, usiogope, yeye alimficha mkewe siku tatu akidhani anakufa. Halafu itakuja njaa, na hiyo njaa uile. Yote hayo nimewaambia wagonjwa kwa miaka, mengine nimemwambia yeye mwenyewe. Niliyasikiliza kama sijawahi kuyasikia. Akaniuliza kama nyumbani kuna watoto, na hapo nikamwambia kila kitu, nikilia ndani ya barakoa hadi ikalowa.

Siku mbili baadaye mtu aligonga mlango wetu. Alikuwa Mama Konsolata, kapu kichwani, ameelekezwa na mumewe, ametembea kwenye tope. Mama mkwe alimkaribisha, wakasalimiana kwa urefu wote unaotakiwa, wakaulizana koo na mashamba. Alikuwa ameleta maharage na chupa ya asali. Mama mkwe akanyoosha mkono kwenye asali akimtazama Ketura, nami nikasema kutoka chumbani kwamba mtoto hali asali kabla ya kutimiza mwaka, akauondoa mkono huku akinung'unika. Kisha Mama Konsolata akauliza gunia alilolipita nje, lililoziba ukuta, ni la nini.

"La baridi," mama mkwe akasema. "Hawa wasomi wanatoboa nyumba."

Mama Konsolata akaongea kwa Kirundi, taratibu, na mama mkwe anaelewa maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Mimi nilikuwa nasikia kila neno kupitia pazia.

Alisema: "Mkweo ameugua kwa sababu yangu. Nilimwomba afunge dirisha la mume wangu kwa sababu ya baridi. Nilivua kitenge changu nikaziba. Mume wangu alikuwa anapumua ugonjwa, mimi nikaufungia ndani pamoja na huyu binti. Baridi haikumuua mume wangu hata walipofungua. Nilikuwa sijui. Wewe sasa unajua."

Mama mkwe alimtengenezea mgeni chai, akamsindikiza hadi njia panda, akarudi. Alipita chumbani kwangu bila kunitazama, akalichomoa gunia, akalikung'uta nje, akaenda kulijaza maganda ya maharage. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyefungua madirisha asubuhi kabla ya kuwasha moto, na jirani akija akifunga anamfokea. Mimi nilikuwa nimeshindwa na cheti changu. Mpaka leo nastaajabu kwamba mwanamke yule alitembea kwenye tope hadi kwa mtu asiyemjua, kwenda kusema maneno ambayo mimi muuguzi sikuwa nimeweza kuyasema kwa sauti.

Ile picha ya pili ya Ketura ilikuwa imetoka nzuri zaidi, kivuli kimefifia. Daktari hakutaka kunipa furaha yote mara moja. Akamwanzishia dawa ya kinga, kidonge kidogo tunachokiyeyusha kwenye maji, akasema tutamtazama miezi miwili. Kama kitu kimejificha, kitaonekana kwenye uzito. Basi nikawa mtumwa wa mzani. Kila wiki mbili tulimvisha ile kaptula ya kitambaa, tukamtundika, na mshale ule unapotikisika mimi nilikuwa naacha kupumua. Mara ya kwanza haukusogea. Mara ya pili ulisogea mstari mmoja, na nesi wa mizani, ambaye ananijua, akageuka pembeni ili asinione uso. Mara ya tatu mistari miwili. Mara ya nne mvua ilikuwa imeharibu barabara, tukachelewa tukakosa kupima, na njiani nikaona maharage ya watu yamenenepa kuliko binti yangu.

Mimi nilikuwa nanenepa pia. Ile njaa ilikuja kama mzee alivyosema, nikala ugali wa asubuhi, nikala viazi kati ya ugali na ugali. Na Ketura, ambaye wiki zote hizo aliona macho yangu tu juu ya barakoa, akajifunza kucheka kwa macho. Alikuwa ananitazama wakati wa kunyonya, nikimkunjia macho na yeye ananikunjia, mdomo umetulia. Nilipoona hivyo mara ya kwanza sikujua nicheke au nilie. Mtoto alikuwa amechukua kile kidogo nilichoweza kumpa, akakitumia.

Kwa wenzangu wauguzi nina neno moja tu, wala si la kitabu. Mgonjwa akiwa kwenye mashine ya pumzi na hujui bado kilichomleta, chukulia ni kifua kikuu. Vaa ile nzito. Fungua dirisha, mpe blanketi ya tatu, na ndugu akikuomba ufunge, kaa chini umweleze, hata kama kitanda kingine kinakuita. Mimi sikumweleza Mama Konsolata. Nilimhurumia, na huruma yangu ilinichukua dakika moja tu. Nawe ndugu wa mgonjwa, kikombe hakina kosa, usimtenge mtu wako kwa kikombe.

Mwezi wa tatu, mwishoni, nilikohoa tena kwenye kikopo. Siku ile ile wakampiga Ketura picha ya tatu na kumpima. Tulikaa kwenye ubao tangu asubuhi, mimi, Eliakimu aliyeomba ruhusa shuleni, na mama mkwe na mtoto mgongoni. Walipotuita tuliingia wote, daktari akatuangalia tulivyojaa chumba chake akacheka kidogo. Mapafu ya mtoto hayana kitu. Uzito umepanda, umerudi kwenye njia yake. Makohozi ya mama ni safi. Dawa zinaendelea, za mama miezi mitatu zaidi na za mtoto mpaka zitimie, lakini barakoa nyumbani basi.

Sikuivua pale. Niliogopa. Nilitembea nayo mpaka nyumbani, nikakaa nayo jikoni kwenye kigoda wakati mama mkwe anatengeneza uji, na Eliakimu alinitazama asinihimize. Hatimaye nikalegeza kamba moja sikioni, kisha nyingine. Ketura, aliyekuwa ameketi mkekani, aliniangalia. Hakulia. Alitambaa, akapanda magotini kwangu kwa kushika nguo, akatia vidole viwili mdomoni mwangu akagusa meno, moja moja, akinikunjia macho.

Mama mkwe akaja na bakuli la uji unaofuka moshi. Miezi yote ile yeye ndiye aliyemlisha, na mimi nilikaa upande wa pili wa chumba. Aliliweka bakuli mikononi mwangu, akanipa kijiko.

"Wa moto," alisema. "Mpulizie mwanao."

Nilichota. Uji ukadondoka kwenye sketi. Nikachota tena, nikakisogeza kijiko karibu na midomo yangu, nikapuliza. Ketura aliusubiri mdomo wangu umalize, akafungua wa kwake.